Sauti Nyingi, Anga Moja: Takwimu za Moduleshoni katika Mawasiliano ya Redio Kusini mwa Pwani ya Kenya

Utangulizi

Mawasiliano ya redio ni miongoni mwa mambo yanayotumiwa na wote na kufahamiwa na wachache. Mvuvi wa Gazi husikiliza taarifa ya habari alfajiri kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Mwenye duka wa Ukunda hupokea malipo kwa simu ya mkononi. Mwanafunzi wa Msambweni hutazama mechi ya kandanda jioni kupitia king'amuzi. Wote hawa hutumia anga moja, pengine kwa sekunde ile ile, na ujumbe wao hauchanganyiki. Makala hii inakusudia kueleza namna jambo hilo linavyowezekana na kubainisha nafasi ya takwimu katika kulifanikisha. Mifano imetolewa katika Kaunti ya Kwale na jirani zake, kuanzia kivuko cha Likoni hadi Vanga mpakani.

Hoja inayoongoza makala ni kwamba mfumo wa redio hauwezi kutathminiwa kwa kuuliza tu iwapo mawimbi "yanafika" au "hayafiki". Mawimbi hufika kwa kiwango fulani, mahali fulani, kwa sehemu fulani ya wakati. Kwa hivyo, bila takwimu haijulikani ni nani anayesikia na ni nani anayeachwa nje. Fauka ya hayo, makala inaonyesha kuwa Kiswahili kina uwezo wa kuyaeleza mambo haya, mradi istilahi zake zitumiwe kwa uangalifu.

Tatizo la neno "masafa"

Kabla ya kuendelea, yafaa kulichunguza neno moja. Katika matumizi ya kawaida, masafa ni umbali baina ya mahali na mahali. Katika utangazaji, neno hilo limepewa maana mbili zinazokinzana. Watangazaji wa zamani walitaja "masafa mafupi" na "masafa ya kati", wakikusudia urefu wa wimbi. Watangazaji wa FM husema "katika masafa ya" na kutaja nambari, wakikusudia idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Ilhali mambo haya mawili huenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitetemo yake kwa sekunde huwa mingi. Hivyo basi, "masafa mafupi" kwa maana ya kwanza ni masafa ya juu kwa maana ya pili, na mwanafunzi asiyetahadharishwa atapotoka tangu hatua ya mwanzo.

Katika makala hii, masafa yatakuwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo kipimo chake ni hezi. Milioni moja ya hezi ni megahezi, na elfu moja ni kilohezi. Umbali baina ya kilele kimoja na kingine utaitwa urefu wa wimbi. Kimo cha kilele kitaitwa kimo cha wimbi.

Maana ya moduleshoni

Sauti ya binadamu haiwezi kusafiri yenyewe kutoka Mombasa hadi Lunga Lunga. Inahitaji kupandishwa juu ya wimbi la redio, mithili ya abiria anavyopanda chombo. Wimbi hilo huitwa wimbi bebaji, na kitendo cha kulibadilisha ili lichukue ujumbe ndicho kiitwacho moduleshoni.

Wimbi bebaji linaweza kubadilishwa kwa njia tatu za msingi. Kwanza, kimo chake kinaweza kupandishwa na kushushwa kwa kufuata sauti. Hii ndiyo AM, iliyotumika sana katika matangazo ya mapema. Udhaifu wake ni kwamba radi na mitambo ya umeme pia hubadilisha kimo cha wimbi, na redio haiwezi kutofautisha sauti na kelele. Pili, masafa yake yanaweza kusukumwa juu na chini huku kimo kikibaki pale pale. Hii ni FM, ambayo hataza zake kuu zilitolewa kwa Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1933. Tatu, wimbi linaweza kuruka kutoka sehemu moja ya mzunguko wake hadi nyingine, au kubadili kimo na sehemu ya mzunguko kwa pamoja. Njia hii ya tatu ndiyo msingi wa mawasiliano mengi ya kidijitali. Wimbi huruhusiwa kuwa katika hali chache zilizopangwa, na kila hali huwakilisha mfululizo wa biti, yaani sifuri na moja. Hali 4 hubeba biti 2 kwa kila mruko, hali 16 hubeba biti 4, na hali 256 hubeba biti 8.

Hapa ndipo takwimu zinapoingia. Hali hizo zikichorwa kama nukta kwenye karatasi, mpokeaji hapati nukta safi. Kelele za anga na za mtambo wenyewe huzisukuma nukta huku na huku, hata kila moja ikawa wingu dogo. Mpokeaji hukisia nukta iliyo karibu zaidi. Nukta zikiwa 4, mawingu huwa mbali na makosa huwa nadra. Zikiwa 256 katika eneo lile lile, mawingu hugusana na makosa huongezeka. Kwa kadirio la jumla, kila biti 2 zinapoongezwa kwenye mruko mmoja, nguvu ya wimbi ikilinganishwa na kelele inapaswa kuongezeka takriban mara 4 ili uwezekano wa kosa usizidi. Mwaka 1948, Claude Shannon alithibitisha kwamba kuna kikomo kisichoweza kuvukwa na ufundi wowote. Njia yenye upana wa megahezi 8, ambamo mawimbi yana nguvu mara 100 kuliko kelele, haiwezi kupitisha zaidi ya takriban biti milioni 53 kwa sekunde bila makosa. Nguvu ikishuka hadi mara 10, kikomo hushuka hadi takriban biti milioni 28.

Maltipleksi: namna ya kugawana anga

Maltipleksi ni utaratibu wa kupitisha jumbe nyingi katika njia moja. Utaratibu wa kwanza ni kugawana masafa. Bendi ya FM, kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, hugawanywa katika vipande, na kila kituo hupewa chake. Pwani FM ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) na vituo vya kijamii kama vile Radio Kaya ya Kwale haviingiliani kwa sababu kila kimoja kimekaa katika kipande chake.

Utaratibu wa pili ni kugawana wakati. Mfano wake ulio dhahiri kwa mkazi wa kusini mwa Pwani ni feri ya Likoni. Magari ya Diani, Msambweni na Lunga Lunga hayajengewi kila moja daraja lake. Hupanda chombo kimoja kwa zamu. Simu za GSM hufanya vivyo hivyo. Kila wimbi bebaji lenye upana wa kilohezi 200 ni kama feri yenye nafasi 8, na huondoka takriban mara 217 kwa sekunde. Mzungumzaji hupewa nafasi moja katika kila safari. Sauti yake hukatwa vipande, husafirishwa na kuunganishwa upya upesi kiasi kwamba sikio halitambui.

Utaratibu wa tatu unaunganisha miwili hiyo. Katika runinga ya kidijitali ya mfumo wa DVB-T2 unaotumika Kenya, ujumbe hutawanywa juu ya mawimbi bebaji madogo yanayokaribiana sana. Katika mpangilio wake mkubwa kabisa, idadi yake huzidi 27,000 ndani ya njia moja. Njia ambayo zamani ilibeba stesheni moja ya analogi sasa hubeba stesheni kadhaa.

Takwimu za trafiki

Feri na simu zina tofauti moja kubwa. Gari lisilopata nafasi husubiri foleni; simu isiyopata nafasi hukataliwa papo hapo. Kwa kuwa haijulikani nani atapiga simu saa ngapi, mhandisi hulazimika kukadiria uwezekano wa kukataliwa. Kanuni ya kufanya hivyo ilitungwa na Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu mjini Copenhagen. Alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909 na kanuni yenyewe mwaka 1917, miongo mingi kabla ya simu za mkononi.

Chukua mnara mdogo wenye wimbi bebaji moja: nafasi 8, moja ikitumika kwa uratibu na 7 zikibaki kwa mazungumzo. Ikiwa inakubalika simu 2 katika kila 100 zikataliwe katika saa ya msongamano, kanuni ya Erlang inaonyesha kuwa mnara huo unaweza kuhimili wastani wa mazungumzo 2.94 kwa wakati mmoja. Ikiwa kila mtu huzungumza dakika 3 katika saa hiyo, mnara utawatosha watu wapatao 58. Nafasi zikiongezwa maradufu, zikawa 14, mnara huhimili mazungumzo 8.20, sawa na watu 164. Nafasi zimeongezeka mara mbili, lakini watu wanaohudumiwa wamekaribia kuongezeka mara tatu.

Sababu ni kwamba katika kundi kubwa, anayekaa kimya humfidia anayezungumza. Kikundi kidogo hakina fidia hiyo. Matokeo yake kijamii ni mazito. Mnara wa Diani, wenye nafasi nyingi kwa ajili ya hoteli, hutumia kila nafasi kwa ufanisi mkubwa. Mnara wa kijiji chenye watu wachache hulazimika kuacha nafasi nyingi zikiwa tupu ili utoe huduma ya kiwango kile kile. Kwa hiyo gharama ya kumhudumia mwanakijiji mmoja ni kubwa zaidi kwa sababu za kihisabati, hata kabla ya kuhesabu barabara na umeme. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe Machi 2007, jambo hili limezidi kuwa zito, kwani mtandao ukilemewa, biashara nayo husimama.

Mantiki hiyo hiyo hutumika katika runinga. Msomaji wa habari aliyeketi hahitaji biti nyingi. Mechi ya kandanda huhitaji nyingi. Mtambo huzipa stesheni biti kulingana na haja ya wakati huo, ukitegemea kwamba si rahisi stesheni zote ziwe na picha za kasi kwa pamoja. Utaratibu huu huitwa maltipleksi ya kitakwimu. Dhana yake ikikosea, kwa mfano mechi kadhaa zikichezwa kwa wakati mmoja, picha huanza kuonyesha vijisanduku.

Takwimu ndani ya wimbi la FM

Hata kituo kimoja cha FM kina maltipleksi ndani yake. Kituo kinachotangaza kwa stereo huweka jumla ya sauti za kushoto na kulia katika masafa ya chini, hadi kilohezi 15. Tofauti ya sauti hizo mbili hupandishwa kuzunguka kilohezi 38. Kati yake huwekwa mlio mwembamba wa kilohezi 19 unaoiongoza redio kuzitenganisha. Kifurushi hiki chote ndicho kinachosukuma wimbi bebaji juu na chini, kwa kiwango kisichozidi kilohezi 75 kila upande.

Katika FM, kelele huwa kubwa zaidi kadiri masafa ya ndani yanavyopanda. Kwa sababu hiyo, sehemu ya stereo iliyo juu huathirika zaidi. Wimbi likiwa dhaifu, kelele katika stereo huweza kuwa na nguvu takriban mara 200 kuliko katika sauti ya mono. Ndiyo maana msikilizaji aliye mbali na mlingoti hupata mchakacho mwingi, na akibonyeza kitufe cha mono sauti husafika. Hakuna kilichobadilika hewani. Ameacha tu kuisikiliza sehemu iliyojaa kelele.

Hali kadhalika, msukumo wa wimbi una takwimu zake. Ukipimwa mara nyingi na kuchorwa, hotuba huonyesha mkusanyiko mkubwa karibu na sifuri, kwa kuwa msemaji hupumua na kutua. Muziki wa bango au taarabu huenea zaidi. Muziki uliobanwa na mitambo ili usikike kwa kishindo hukaa karibu na kikomo muda mwingi. Vituo viwili vinaweza kuheshimu kikomo kile kile cha kilohezi 75, na bado kimoja kikamsumbua jirani kuliko kingine. Kwa ajili hiyo, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloratibu mawasiliano, hupendekeza kupima pia wastani wa nguvu ya kifurushi kizima katika kila sekunde 60.

Katika mfumo wa mawimbi madogo maelfu, takwimu huchukua sura nyingine. Mawimbi mengi yasiyotegemeana yakijumlishwa, jumla yake hufuata mtawanyo wa kengele: viwango vya kati hutokea mara nyingi, na vilele vikubwa hutokea kwa nadra. Nadra hiyo haipuuziki. Mtambo usioacha nafasi kwa ajili ya vilele huvikata, na vilele vilivyokatwa huzaa kelele zinazomwagikia njia za jirani. Mtambo unaoacha nafasi hulazimika kufanya kazi chini ya uwezo wake, na umeme mwingi hupotea kuwa joto.

Takwimu za mahali na wakati

Mji wa Kwale umekaa juu ya vilima vya Shimba, na mandhari hayo hutawala mawasiliano ya eneo zima. Mtambo ulio mita 400 juu ya bahari huweza, kinadharia, kuifikia antena yenye urefu wa mita 10 iliyo umbali wa takriban kilomita 95. Msambweni, iliyo kilomita zipatazo 33 kutoka Kwale kwa mstari ulionyooka, na Vanga, iliyo kilomita zipatazo 60, zote zimo ndani ya duara hilo. Hata hivyo, duara kwenye ramani halina minazi, mabonde wala kuta. Mawimbi yanayotoka upande wa Mombasa, nayo, hukuta vilima hivyo vimesimama mbele ya Kinango.

Kwa kuwa haiwezekani kupima kila nyumba, ramani za ITU hukadiria nguvu ya mawimbi kwa asilimia 50 ya mahali katika eneo dogo. Maana yake ni kwamba nusu ya nyumba hupata zaidi ya kiwango hicho na nusu hupata pungufu. Waswahili husema wengi wape, lakini hapa hata wengi hawajapatikana. Kwa mawimbi ya kidijitali, mtawanyiko hukadiriwa kuwa desibeli 5.5. Kutokana na hesabu ya mtawanyo wa kengele, kuwafikia asilimia 70 huhitaji nyongeza ya takriban desibeli 3, yaani nguvu maradufu. Kuwafikia asilimia 95 huhitaji desibeli 9, yaani nguvu takriban mara 8. Robo ya mwisho ya wasikilizaji ndiyo iliyo ghali kuliko wote.

Jambo hili lilidhihirika zaidi Kenya ilipohama kutoka analogi. Chini ya Mkataba wa Geneva wa 2006, nchi zilizohusika zilipewa hadi tarehe 17 Juni 2015 kukamilisha uhamiaji huo, na Kenya ilizima analogi mwaka huo. Picha ya analogi hufifia polepole. Mtazamaji huona chenga lakini husikia habari. Picha ya kidijitali hubaki safi hadi makosa yanapozidi uwezo wa kusahihishwa, kisha hutoweka ghafla. Aliyekuwa ukingoni, akitazama kwa taabu, anaweza kujikuta hana kitu.

Bahari nayo ina hukumu yake. Katika kukadiria mawimbi, ITU hutofautisha nchi kavu, bahari ya baridi na bahari ya joto, na Bahari ya Hindi ni ya joto. Hewa yenye unyevu juu ya maji yaliyotulia huweza kuyapinda mawimbi yakafuata uso wa bahari na kwenda mbali kuliko kawaida. Ncha ya kaskazini ya Pemba iko takriban kilomita 50 kutoka Msambweni, na Tanga iko umbali unaokaribia huo kutoka Vanga. Haishangazi basi kwamba mawimbi hayatambui mpaka. Wahandisi hukadiria mwingiliano wa namna hii kwa asilimia 1 ya wakati, ambayo ni takriban saa 88 kwa mwaka. Asilimia hiyo huonekana ndogo, lakini saa zake hazitawanyiki sawasawa. Huja pamoja, kwa sababu hewa iliyotulia huweza kudumu usiku mzima.

Hitimisho

Makala hii imebainisha kwamba moduleshoni hubeba ujumbe, maltipleksi hugawa anga, na takwimu huonyesha ujumbe huo utamfikia nani, wapi na mara ngapi. Umuhimu wa jambo hili si wa kinadharia tu. Tsunami ilipoikumba Bahari ya Hindi tarehe 26 Desemba 2004, watu waliondolewa katika fuo za Pwani ya Kenya kabla hasara haijawa kubwa. Onyo la namna hiyo halifai kupangwa kwa wastani. Mvuvi aliye katika asilimia 5 isiyofikiwa hapati asilimia 95 ya onyo, hapati lolote.

Kwa upande wa lugha, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu ulio wazi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inapotoa leseni, au kampuni inapodai kuwa "imelifikia" eneo fulani, mwananchi wa Msambweni ana haki ya kuuliza kwa lugha yake: asilimia ngapi ya nyumba, kwa asilimia ngapi ya wakati, na kwa kipimo gani? Ili aweze kuuliza hivyo, ahitaji maneno yaliyonyooka. Kulitenga neno "masafa" na "urefu wa wimbi" ni hatua ndogo, lakini ni hatua ambayo wataalamu wa lugha wanaweza kuipiga bila kusubiri mtambo wowote.